Jinsi ya Kulinganisha Ndege Nyepesi za Michezo kwa Kuzingatia Uzoefu wa Rubani

Wengi wanaolinganisha ndege nyepesi za michezo huanza na kasi, ilhali kasi si jambo linalozitenganisha sana. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2004, iliyozipa ndege hizi jina, iliweka mipaka kwa zile zinazotua nchi kavu: uzito wa kuruka usiozidi kilo 600, viti visivyozidi viwili, kasi isiyozidi noti 120, na mbawa zinazoweza kuibeba ndege mpaka kasi iteremke kufikia noti 45, yaani takriban kilomita 83 kwa saa. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2025, lakini ndege nyingi zinazouzwa leo zilibuniwa chini yake. La kuuliza, basi, ni ipi itakayomvumilia rubani atakayeirusha pale anapokosea.

Hata hivyo, tangulia kupiga hesabu ya uzito. Chukua ndege yenye uzito mtupu wa kilo 350. Imebakiza kilo 250. Lita 100 za petroli zina takriban kilo 72, hivyo watu wawili na mizigo yao wameachiwa kilo 178. Mwanafunzi wa kilo 85 akikaa na mwalimu wa kilo 95, mpaka umeshavukwa kabla hata begi halijapakiwa. Tumia uzito ulioandikwa kwenye hati za ndege hiyo hasa, wala si wa kipeperushi cha mauzo, kwa kuwa kila redio iliyoongezwa ina uzito wake.

Kwa anayeanza, tafuta ndege yenye gurudumu la pua, viti vilivyokaa ubavu kwa ubavu ili mwalimu aone mikono yake, na miguu ya magurudumu iliyo imara, maana hiyo ndiyo itakayolipia makosa yake. Tecnam P2008, yenye bawa juu, na Evektor SportStar, yenye bawa chini, zote zinafaa. Tofauti huonekana zaidi wakati wa kutua: bawa la chini hukaribia ardhi na kulalia mto wa hewa, kwa hiyo mwanafunzi anayekuja na kasi ya ziada ataona njia ikiisha huku magurudumu yakiwa bado hewani.

Ninayemhofia zaidi, kusema kweli, ni rubani mwenye saa mia kadhaa kwenye ndege ya zaidi ya tani moja, kama Cessna 172. Mikono yake imezoea uzito unaoendelea kuisukuma ndege mbele hata nguvu ya injini ikipunguzwa. Ndege ya kilo 600 haina akiba hiyo. Akiondoa nguvu mapema na kuinua pua taratibu kama alivyozoea, kasi huyeyuka na ndege huporomoka mita ya mwisho. Injini nayo humshangaza: Rotax 912 hufanya kazi kwenye mizunguko karibu 5,000 kwa dakika, ambayo gia hupunguza kabla haijafika kwenye propela, na kabla ya kupima oili sharti azungushe propela kwa mkono, swichi zikiwa zimezimwa, mpaka asikie tangi la oili likicheua. Mtu huyu asiruke peke yake kabla ya kuongozwa na mwalimu anayeijua aina hiyo.

Ndege za gurudumu la mkia, kama Piper J-3 Cub au Carbon Cub, ni za rubani ambaye miguu yake haisinzii kwenye pedali za usukani. Uzito mkubwa wa ndege hizo uko nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo mkia ukianza kwenda upande hutaka kuitangulia pua, na ndege hugeuka ghafla ardhini. Carbon Cub huongezea nguvu nyingi za injini juu ya tabia hiyo.

Icon A5, inayotua majini na nchi kavu, ilibuniwa isianguke ikizunguka kama pia, lakini sifa hiyo haimsaidii anayetua majini akiwa amesahau kukunja magurudumu: maji huyakamata, na ndege hupinduka.

Ukishabakiza ndege mbili, ziruke zote na mwalimu siku yenye upepo wa ubavuni, zikiwa zimepakiwa uzito utakaoutumia kwa kawaida, na utue mara tatu kwa kila moja.