Kupandisha, kupunguza na kuteremsha matanga ukiwa umekaa penye usukani

Maelezo haya yanahusu boti ya faiba ya mita 6 hadi 7.5, yenye mlingoti mmoja wa alumini uliosimama juu ya sitaha. Kamba zinazoletwa nyuma ni 5: henza (kamba ya kupandishia) ya tanga kuu, henza ya tanga la mbele, mbili za kupunguzia tanga kuu, yaani kulifupisha upepo ukizidi, na moja ya kuteremshia tanga la mbele. Zaidi ya hapo ni tamaa. Kila kona inayopita kamba inaongeza msuguano, na tanga lisiloshuka lenyewe ni hatari kuliko kutembea hadi mlingotini.

1. Pima kamba. Kwa henza, zidisha urefu wa mlingoti mara 2, ongeza umbali wa kufika nyuma, kisha mita 2 za kushika. Mlingoti wa mita 8.5 ukiwa mita 3 kutoka usukani unataka henza ya mita 22. Unene wa milimita 8 unatosha. Chagua rangi tofauti, usiku utashukuru.

2. Kapi za shina la mlingoti. Zifunge kwenye bamba lililo chini ya mlingoti wenyewe, si kwenye sitaha pembeni yake. Kamba inayokata kona ya nyuzi 90 huipa kapi mzigo wa karibu mara 1.4 ya mvuto wake: henza ikivutwa kwa kilo 200, kapi inabeba 280, zote zikielekea juu na nyuma. Wakati huohuo mlingoti unaikandamiza sitaha. Ndiyo maana sitaha nyingi hupasuka hapo hapo.

3. Toboa paa la chumba cha boti ili kufunga vifaa. Hapa ndipo boti huharibika. Paa nyingi zina mbao nyepesi au povu katikati ya tabaka mbili za faiba, na maji yakiingia, huoza bila kuonekana. Kwa bolti ya milimita 6, toboa tundu la milimita 12, ziba chini kwa utepe wa gundi, jaza epoksi nzito, iache ikauke kabisa, kisha toboa tena kwa milimita 6.5. Ndani weka bamba la alumini la milimita 5; washa (pete bapa ya bolti) peke yake huzama kwenye faiba. Usitumie silikoni kuziba: haishiki vizuri, na rangi wala gundi nyingine haitashika tena mahali hapo.

4. Klachi za kamba (vibano vinavyoizuia isirudi) na winchi (ngoma ya kuvutia kamba). Kila kamba yenye mzigo ipewe klachi yake, na winchi ikae sentimita 25 hivi nyuma ya klachi. Kamba iingie kwenye ngoma ikipanda kidogo kutoka chini, nyuzi 5 hadi 8. Ikiingia sawasawa au ikishuka, mzunguko mmoja utapanda juu ya mwingine na kujibana katikati ya upepo.

5. Kamba za kupunguzia. Moja inavuta pembe ya mbele kuelekea mlingoti, nyingine inavuta pembe ya nyuma kwenye boriti, yaani mti unaolala chini ya tanga kuu. Kamba moja ya kufanya yote mawili inavutia dukani, lakini ni nzito kuvuta. Shona uzi kwenye henza kuonyesha itakapoishia. Utaratibu: legeza demani (kamba inayoongoza tanga), shusha henza hadi kwenye uzi, kaza mbele, kisha nyuma, ndipo uvute demani. Ukianza na nyuma, kitambaa kinachanika kwenye tundu.

6. Tanga la mbele. Kamba ya kuteremshia, ya milimita 5, ifungwe kwenye shakeli ya henza, ipite ndani ya kulabu mbili tatu zinazoshikilia ukingo wa mbele wa tanga, izunguke kapi ndogo ya omoni (mbele ya boti), irudi nyuma. Kabla ya kupandisha, hakikisha imelegezwa. Wengi hudhani henza imekwama kileleni, kumbe wanavutana na kamba hii.

7. Jaribu ukiwa umefunga gatini, omo ikitazama upepo. Achia henza ya tanga kuu. Lisiposhuka angalau nusu kwa uzito wake, fungua kapi moja moja kuanzia shina la mlingoti hadi uipate inayokaza.