Kukadiria moshi wa moto wa nyika kabla haujafika: mfano wa Mbeya

Kuanzia Juni hadi Oktoba, nyasi na misitu ya miombo ya kusini mwa Tanzania, Zambia, kaskazini mwa Msumbiji na Katanga ya Kongo huungua karibu kila siku, kwa kuwa wakulima husafisha mashamba, wafugaji hutaka majani mabichi yachipue, na mara nyingine warina asali huacha moto ukitambaa nyuma yao. Mtu wa Mbeya anayeamka na kukuta mlima Loleza haumo tena machoni pake anaona moshi ambao huenda ulianza safari yake jana mchana.

Anza na FIRMS, ramani ya moto ya NASA, shirika la anga la Marekani, ambayo hutolewa bure. Nukta zinazotokana na VIIRS, kifaa cha kupimia kilicho kwenye setilaiti, huonyesha mahali penye joto la moto katika eneo la takriban mita 375 kwa 375, ila hazisemi ukubwa halisi wa moto wenyewe. Setilaiti hizo hupita mnamo saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Kwa hiyo moto uliowashwa saa tisa alasiri na kuzimika jioni hautaonekana, na wingu zito nalo huuficha. Ramani tupu isikufanye uamini kwamba hakuna kinachoungua.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu upepo ndio unaoamua moshi utamfikia nani. Majira ya kusi, upepo wa nyanda hizi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, hivyo mtu wa Mbeya atazame Njombe na Ruvuma kabla ya kuitazama Zambia. Chagua pia kimo kinachofaa: mji uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, basi upepo wa hektopaskali 850 (kipimo cha kanieneo ya hewa, ambayo hupungua kadiri unavyopanda), ambao ni wa kimo cha mita 1,500 hivi, haukusaidii; soma wa 800 na wa 700, ulio juu zaidi. Kisha piga hesabu. Kutoka Songea hadi Mbeya ni kama kilomita 310 kwa mstari ulionyooka. Upepo ukienda kilomita 20 kwa saa, moshi wa saa nane mchana utafika mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Usiku wa kipupwe ardhi hupoa, hewa baridi hutulia bondeni, na hewa yenye joto iliyo juu yake huifunika kama mfuniko wa sufuria, hata moshi ukakosa pa kwenda mpaka jua lipashe ardhi moto. Ukiona utabiri wa usiku mkavu, usio na mawingu wala upepo wa chini, ongeza makadirio yako.

Linganisha hesabu yako na utabiri wa siku tano wa hali ya hewa chafu na moshi unaotolewa na Copernicus, huduma ya Ulaya ya kufuatilia mazingira, ukikumbuka kwamba kwa kawaida mfumo huo huchukulia kuwa moto ulioonwa karibuni utaendelea vilevile siku zijazo. Mimi huuamini kwa siku mbili za mwanzo tu.

Kama una kipimo cha PM2.5, yaani chembe ndogo sana za moshi na vumbi zinazoingia mapafuni, kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 ni mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Namba zikipanda wakati wa kupika na kushuka baada yake, huo ni moshi wa majiko na taka za mtaani. Zikibaki juu usiku kucha hadi adhuhuri, yaelekea moshi umetoka mbali.

Andika makadirio yako daftarini saa mbili usiku, uwaarifu wazazi wenye watoto wa pumu usiku huohuo ili wapange mapema, kisha asubuhi utazame Loleza. Ukikuta ulikosea, kagua upya upepo kabla ya kukagua nukta za moto.