Jinsi ya kukadiria thamani ya Mercedes W126 ukiwa na tangazo la mtandaoni tu

Haipiti wiki bila mtu kunitumia tangazo kwa WhatsApp: "Fundi, hebu itazame hii. Bei ni ya haki?" Mimi ni fundi wa Mombasa, na magari yanayoingia zaidi kwenye gereji yangu ni Mercedes za miaka ya 1980. Nimeona niandike hapa jinsi ninavyofanya kazi hiyo, kwa gari moja ninalolijua vizuri: W126, ile S-Class iliyotengenezwa kuanzia 1979 hadi 1991 chini ya mkuu wa usanifu Bruno Sacco. Ilipofika Afrika Mashariki ilikuta neno "wabenzi" limeshaenea, ikabeba mawaziri, wakurugenzi na maharusi. Leo watoto na wajukuu wa wenye magari hayo ndio wanaoyapiga picha na kuyatangaza.

Niseme mapema ninachokiamini, maana hesabu yote itafuata hapo. Thamani ya gari hili iko kwenye bati na kwenye karatasi. Injini hufunguliwa ikatengenezwa ikafungwa. Bati lililooza na logbuku yenye jina la marehemu ndivyo vinavyomaliza pesa za watu.

Hatua ya 1: Jua hasa ni gari gani linauzwa

Usiamini alama iliyobandikwa kwenye buti. Alama ya 500SEL hununuliwa dukani na kubandikwa kwa dakika mbili. Anza na mwaka. Mwaka 1985 Mercedes waliifanyia W126 mabadiliko makubwa: modeli ya 280 ikaondoka na nafasi yake ikachukuliwa na 260SE na 300SE, 380 ikaipisha 420, na 560 ikaongezwa juu. Kwa hiyo ukiona "280SE ya 1988", kuna jambo. Mara nyingi muuzaji hadanganyi kwa makusudi, ameandika mwaka wa kusajiliwa badala ya mwaka wa kutengenezwa, lakini bei anayoitaka ni ya gari jipya zaidi.

Tazama pia plastiki za ubavuni. Magari ya kabla ya 1985 yana plastiki zenye mistari mistari na rimu za inchi 14. Ya baadaye yana plastiki laini na rimu za inchi 15. Watu wengi huyavisha ya zamani nguo za mapya. Si kosa, ila usilipie nguo.

SE na SEL hutofautishwa kwa mlango wa nyuma. SEL ni ndefu kwa sentimita 14, na urefu huo wote uko kwenye miguu ya abiria wa nyuma. Ukizoea picha mbili tatu, jicho litakuambia lenyewe.

Sasa omba picha ya namba ya chasi. Muuzaji mkweli haoni shida kuituma. Namba ya magari haya ya soko letu husomeka kama sentensi. WDB ni Mercedes. 126 ni umbo la gari, na tarakimu tatu zinazofuata ni modeli: 022 ni 280SE, 032 ni 380SE, 037 ni 500SEL. Tarakimu moja inayofuata ni usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Herufi baada yake ni kiwanda, A ikiwa Sindelfingen. Usukani usiupuuze, hasa ukiona gari zuri kutoka Ghuba kwa bei nyepesi. Kenya haisajili gari la kawaida la usukani wa kushoto, na kuuhamisha ni kazi inayoua thamani ya gari la aina hii moja kwa moja.

Omba na namba ya injini. 280 huanza na 110, 260 na 300 huanza na 103, 380 na 420 huanza na 116, 500 na 560 huanza na 117. Hapa kwetu Mercedes nyingi za zamani zimewekewa injini za Toyota kwa sababu ya spea na mafuta. Kama unataka gari la kwenda kazini, hilo ni lako kuamua. Lakini kwa mtu anayenunua kitu cha kukitunza, gari hilo limeshaondoka kwenye kundi la bei ya W126 halisi.

Mwisho, kibati cha rangi kilicho chini ya boneti. Rangi ina tarakimu tatu: 040 ni nyeusi, 735 ni fedha, 904 ni buluu iliyoiva. Ikiwa kibati kinasema 735 na gari kwenye picha ni jeusi, omba picha ya ndani ya buti na kingo za milango. Gari lililobadilishwa rangi lina thamani ndogo kuliko lililopakwa upya rangi yake lenyewe.

Hatua ya 2: Karatasi

Uliza swali moja: jina lililo kwenye logbuku ni la nani, na yuko hai? Magari haya yana umri wa miaka arobaini. Mengi bado yako kwa jina la baba aliyefariki, na anayeuza ni mmoja wa watoto sita. Bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, hakuna wa kukuhamishia umiliki kihalali, na hao watano wengine wanaweza kutokea siku yoyote. Lipa ada ya NTSA, mamlaka ya Kenya inayosajili magari, upate rekodi ya gari kabla hujazungumza bei.

Kinachoongeza thamani ni historia: kitabu cha sevisi chenye mihuri ya D.T. Dobie, waliokuwa wakiuza Mercedes Kenya, risiti za zamani, funguo zote mbili, hata kitabu cha maelekezo kilicholala kwenye dashibodi. Namba ya usajili ya asili, ile ya zamani isiyo na herufi ya mwisho, nayo inasema gari limekaa nchini tangu siku zake za ujana.

Kwa ndugu zetu walioko Uingereza kazi ni nyepesi. Tovuti ya serikali huonyesha bure matokeo ya ukaguzi wa MOT tangu 2005, pamoja na kilomita au maili zilizosomwa kila mwaka na kila kutu iliyoandikwa na mkaguzi. Mpwa wangu aliye Leicester alipendezwa na 300SE, tukaisoma rekodi pamoja kwa simu: onyo la kutu sehemu ile ile ya chini, miaka mitatu mfululizo, kisha kimya. Tangazo lilisema "haina kutu". Kumbuka tu kwamba gari lililozidi miaka 40 kule linaweza kusamehewa ukaguzi huo, kwa hiyo rekodi kukatika si lazima kuwe na hila.

Hatua ya 3: Bati

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi. Picha za tangazo hupigwa kwa mbali, jioni, gari likiwa limetoka kuoshwa. Maji na mwanga wa magharibi hufunika mengi.

Kwanza, katika picha hizo hizo, tafuta kitu kilichonyooka kinachoakisika mlangoni: nguzo ya umeme, ukingo wa ukuta, mstari wa paa. Ufuate kwa kidole kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma. Ukiyumba kama maji kwenye karai, chini yake kuna fila, ile lipu ya kuzibia bati. Kisha tazama nafasi kati ya milango. Kiwanda kile kilikuwa makini, nafasi ni sawa juu na chini. Ikiwa juu inaingia kidole na chini unaingia wembe, gari limewahi kugongwa au kizingiti, lile bati la chini ya milango, kimeoza.

Sasa muombe muuzaji picha hizi, za karibu, mchana:

- pembe mbili za chini za kioo cha nyuma
- sehemu za kuingizia jeki, vifuniko vya plastiki vikiwa vimetolewa
- sakafu ya buti, kapeti ikiwa imeinuliwa
- kingo za madigadi kwa ndani
- fremu ya dirisha la paa, kama lipo

Pembe za kioo cha nyuma nimezitaja kwanza kwa sababu. Miaka iliyopita nililipia 380SE nyeupe kwa picha tu, kwa mtu wa bara. Rangi iling'aa, milango ilifunga kwa ule mlio mzito unaotaka kuusikia. Nilipoitoa raba ya kioo cha nyuma kwa bisibisi, bisibisi ilizama. Ndani kulikuwa na fila, chini ya fila gazeti, chini ya gazeti hewa. Maji ya mvua yalikuwa yakiingia hapo na kushuka hadi kwenye buti kwa miaka. Kazi ile ilinichukua miezi minne, na pesa niliyotumia kulitengeneza ilizidi niliyolinunulia. Tangu hapo siendelei na mazungumzo yoyote bila picha ya pembe hizo.

Sehemu za jeki ni za pili kwa sababu plastiki za ubavuni huficha vizingiti kabisa. Gari linaweza kuwa zuri la kuposwa na chini ya plastiki bati limebaki kama biskuti. Muuzaji akikataa kutoa vifuniko, ambavyo hutoka kwa mkono, hesabu kwamba vizingiti vimeoza na uendelee na hesabu yako hivyo.

Magari ya Pwani yamekula chumvi. Ya Nairobi na Nakuru mara nyingi yana nafuu. Likisemwa limekaa Nairobi, uliza lilikaa kwa miaka mingapi na kabla ya hapo lilikuwa wapi.

Hatua ya 4: Video ya kuwasha injini ikiwa baridi

Omba video isiyokatwa. Ianze kwenye mshale wa joto, ambao lazima uwe chini kabisa, kisha ufunguo ugeuzwe, kisha kamera iende nyuma kwenye ekzosi. Moshi wa buluu wa sekunde chache kisha ukapotea, hizo ni sili za valvu zimekauka, kazi ya kawaida. Moshi wa buluu usiokwisha ni injini ya kufunguliwa. Moshi mweupe mzito injini ikiwa imeshapata moto, fikiria gasketi ya silinda hedi.

Kwa V8, yaani 380, 420, 500 na 560, sikiliza zaidi kuliko kutazama. Cheni ya taimingi huongozwa na reli za plastiki, na plastiki ya miaka arobaini huvunjika. Cheni ikiruka jino, valvu hupinda. Ukisikia mlio wa cheni injini inapowaka, weka gharama ya cheni na reli zake kwenye hesabu bila kubishana.

Kisha mshale wa presha ya oili. Una namba 0 hadi 3. Injini ikiwa na moto unaweza kushuka gari likiwa limesimama, hilo lisikuogopeshe. Ila mafuta yakikanyagwa, lazima upande hadi 3 mara moja.

Kuhusu kilomita: kwenye mita za magari haya kuna gia ndogo ya plastiki inayokatika, mshale wa spidi ukaendelea kufanya kazi huku namba zimeganda. Omba picha ya mita leo, na nyingine baada ya muuzaji kwenda na gari mahali na kurudi. Zikiwa sawa, kilomita za kwenye tangazo hazina maana. Tazama raba ya pedali ya breki na kiti cha dereva badala yake.

Hatua ya 5: Ndani

Viti vya MB-Tex, ile ngozi bandia ya Mercedes, vinadumu ajabu. Ngozi halisi ikipasuka ni gharama. Mbao zilizochanika vanishi na dashibodi iliyopasuliwa na jua ni gharama pia, na spea za ndani ndizo ngumu kupata. Washa kila swichi kwa video.

Hatua ya 6: Hesabu

Bei inayotangazwa ni matakwa ya muuzaji. Tafuta bei iliyolipwa: waulize mafundi na watu wanaoleta magari yao Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa, wanajua nani aliuza nini kwa kiasi gani. Minada ya nje kama Bring a Trailer huonyesha bei za mwisho, lakini ile ni Marekani na usukani ni wa kushoto. Itumie kujua modeli ipi inapendwa kuliko ipi, usiigeuze dola kuwa shilingi.

Tuseme, kwa mfano tu, 280SE ya 1983 inatangazwa kwa shilingi 1,200,000, na iliyo nzima kabisa umehakikisha iliuzwa 1,400,000. Fundi wa bodi amekisia kutu kwa picha ni 150,000. Kutu naizidisha mara mbili kila mara, kwa hiyo 300,000. Sili za valvu 60,000, bushi na shoki 80,000, viti 40,000. Jumla 480,000. Toa kwenye 1,400,000, inabaki 920,000. Toa asilimia 10 kwa yale usiyoyaona, unapata 828,000. Hicho ndicho kikomo. Anza na 780,000.

Hesabu ikikuletea namba ndogo sana, geuza swali: likivunjwa lina milango mizuri, vioo, mbao, gia boksi? Wapo wanaonunua kwa ajili ya hayo, na hiyo nayo ni bei.

Hatua ya 7: Ujumbe

Mtumie ofa pamoja na sababu zake, kwa heshima. Gari hilo huenda lilikuwa la baba yake. Mimi huandika hivi:

"Habari za leo, mzee. Nimelipenda gari na naona limetunzwa. Nimehesabu kazi ya kioo cha nyuma, vizingiti, sili na viti, nimekuwekea orodha hapa chini. Kwa hali hiyo naweza 780,000, pesa taslimu siku ya kuhamisha logbuku. Ukiona panafaa, niambie nije kulitazama."

Usitume amana. Akikujibu "njoo tuongee", nenda asubuhi mapema na sumaku mfukoni, maana sumaku haishiki penye fila, na mpigie simu usiku wa kuamkia siku hiyo umwombe asiliwashe mpaka ufike.