Karatasi za kuwa nazo mkulima kabla fedha za janga hazijatangazwa

Serikali inapowalipa wakulima wakati wa maradhi kama Uviko-19, haina njia ya kupima machungu ya mtu. Inauliza ulikuwa na nini kabla, na uthibitisho uko wapi. Marekani mwaka 2020, chini ya CFAP, mpango wa kuwasaidia wakulima na wafugaji walioathiriwa na Uviko-19, sehemu ya malipo ya mfugaji katika awamu ya kwanza ilihesabiwa kwa idadi kubwa kabisa ya mifugo aliyokuwa nayo kati ya Aprili 16 na Mei 14. Alitamka mwenyewe idadi hiyo na kutia saini, lakini akikaguliwa ilibidi atoe kumbukumbu. Kwetu Zanzibar, fedha za ahueni zilizotokana na mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa Septemba 2021 zilikwenda zaidi kwenye skuli, hospitali, maji na mikopo nafuu. Ikija ruzuku au mkopo, karatasi zitakazotakiwa hazitofautiani sana.

Anza na jina. Liwe moja, herufi kwa herufi, kwenye kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, akaunti ya benki na laini ya simu. Khamis hapa na Hamisi pale, au majina matatu huku na mawili kule, yanatosha kurudisha malipo. Kosa likiwa kwenye kitambulisho, sahihisha hicho kwanza, kwa sababu benki itafuata kilichoandikwa humo. Laini aliyokusajilia mtoto kwa jina lake haifai kupokelea fedha zako, hata kama simu iko mkononi mwako miaka yote.

Shamba ndilo lenye kazi kubwa. Eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 mara nyingi bado zimo kwa jina la babu aliyekwishafariki, na wajukuu wanachuma kwa makubaliano ya mdomo. Ndugu wawili wakijaza kila mmoja fomu yake kwa shamba hilohilo, zote mbili zinaweza kusimamishwa. Kaeni warithi wote, pateni uthibitisho wa mirathi kwa Kadhi, kisha andikeni barua inayomtaja mmoja wa kupokea kwa niaba yenu na fungu la kila mtu. Barua ya sheha, kiongozi wa serikali katika shehia yenu, inathibitisha nani analima pale. Haisimami mahali pa hati. Fanyeni haya wakati hakuna fedha mezani, maana zikishatangazwa hata maneno ya heri hugeuka ugomvi.

Ikiwa umekodi mikarafuu ya mtu, andikianeni idadi ya miti, msimu na bei, na mseme wazi: ikija fidia ni ya mwenye miti au ya aliyekodi? Mashahidi wawili watie saini.

Sasa daftari. Mstari mmoja wa karafuu uonekane hivi: "12/8, mikarafuu 9, mbichi kilo 60; 16/8, kavu kilo 20; makonyo mbali." Makonyo ni vile vikonyo vinavyoshika karafuu. Pishi, kile kipimo cha ujazo, ni sawa kwa kumlipa mchumaji, lakini kwenye daftari andika kilo. Karafuu mbichi kilo tatu hutoa takriban moja kavu, kwa hiyo ukichanganya mbichi na kavu safu moja, hesabu yako itaonekana ya uongo hata kama hukudanganya. Stakabadhi za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, zibandike ukurasa huohuo, na uzipige picha mapema. Wino wake ukififia, ushahidi umekwenda.

Wakulima wa mwani, andikeni idadi ya kamba mnazofungia mwani, tarehe ya kufunga mbegu, tarehe ya kuvuna na kilo kavu alizopima mnunuzi. Mwani ukioza kwa joto, andikeni siku hiyohiyo kamba ngapi zimekufa. Hasara isiyoandikwa haidaiwi.

Siku ya kuomba, usiondoke bila karatasi yenye namba ya ombi, tarehe na muhuri. Bakisha nakala. Atakayekupigia simu akitaka namba yako ya siri ili "akuingizie malipo", kata simu, kisha mjuulishe sheha.