Kuendesha zirotani kwenye mteremko

Kila mwaka nyasi zinapoanza kuota upya hapa Louisville, Kentucky, baadhi yetu tuliotoka Kongo na Tanzania hurudi kwenye kazi ya kutunza viwanja vya watu, na mashine ya kukatia nyasi tunayokabidhiwa mara nyingi ni ile ya kukalia inayogeuka palepale iliposimama, ambayo sote tunaiita zirotani. Kwenye uwanja tambarare mtu huizoea haraka sana. Mteremkoni ni mashine nyingine kabisa, na mwongozo huu unahusu mteremko tu.

Yafaa kwanza kuelewa jinsi inavyokwenda. Zirotani za kawaida hazina usukani, na breki yake ni ya kuegeshea, si ya kupunguzia mwendo. Mikono miwili ya mashine, yaani vishikio vilivyo mbele ya dereva, huongoza mifumo miwili ya haidroli, na kila mmoja huzungusha gurudumu moja la nyuma. Magurudumu madogo ya mbele hayaongozi kitu. Hujizungukia kama ya toroli ya dukani, yakifuata kule yanakosukumwa. Kwa hiyo tairi mbili za nyuma ndizo mwendo, ndizo usukani na ndizo breki, na zikikosa kushika ardhi umepoteza vyote vitatu kwa mara moja. Unapoteremka, sehemu ya uzito huhamia mbele, kwenye magurudumu yasiyokusaidia, na zile za nyuma hupungua uzito wakati ule ule unapozihitaji zaidi.

Nilijifunza hayo katika mwaka wangu wa pili wa kazi, kwenye ukingo wa bwawa la kupokea maji ya mvua, kama yale yanayochimbwa katika mitaa mipya ya makazi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshakausha upande mmoja wa bwawa, lakini upande niliokuwa ninaukata ulikuwa chini ya kivuli cha miti na umande ulikuwa bado haujakauka. Nyuma ya mashine ikaanza kwenda upande, polepole, kuelekea majini. Nikavuta mikono yote miwili nyuma kwa nguvu. Magurudumu yakasimama, mashine haikusimama. Ilikuja kutulia gurudumu moja la mbele likiwa limezama kwenye tope, hatua moja tu kutoka kwenye maji, na juu yake ikabaki michirizi miwili ya nyasi zilizolala, kama zimepanguswa kwa kitambaa. Tulipoupima mteremko ule baadaye, ulikuwa nyuzi 13.

Watengenezaji wengi wanakataza kuendesha zirotani kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15, na wapo wanaoweka kikomo kwenye nyuzi 10. Kikomo cha mashine yako kimo katika kitabu chake, na mara nyingi pia kwenye karatasi iliyobandikwa karibu na kiti. Kikomo hicho si ahadi ya usalama. Mimi niliteleza nikiwa chini yake, kwa sababu nyasi mbichi hazishiki tairi kama nyasi kavu.

Usiukadirie mteremko kwa macho, kwa maana macho hudanganya, hasa ukiwa umesimama juu. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita 1 na pimamaji. Gusisha ncha moja ya ubao kwenye ardhi upande wa juu, uunyanyue upande wa pili mpaka pimamaji ionyeshe kwamba ubao umelala sawa, kisha pima kutoka ncha iliyo hewani kushuka wima hadi ardhini. Ukipata karibu sentimita 18, huo ni mteremko wa nyuzi 10. Ukipata karibu sentimita 27, umefika nyuzi 15. Simu yenye programu ya kupimia nayo inatosha, mradi uilaze juu ya ubao, si juu ya nyasi. Angalia kama inasoma nyuzi au asilimia, kwa kuwa nyuzi 15 ni karibu asilimia 27, na watu huzichanganya. Pima sehemu iliyo kali zaidi.

Kabla ya kuwasha injini, tembea eneo lote kwa miguu. Tafuta mashimo, mizizi, mawe na sehemu zenye majimaji. Pembeni mwa bwawa, mtaro au ukuta wa kuzuia udongo, acha nafasi isiyopungua upana wa mashine mara mbili, na nafasi hiyo uikate kwa mashine ya kusukuma kwa mkono au ile inayokata kwa kamba inayozunguka. Tairi kipara zisipande mteremko hata kidogo. Upepo wa tairi uwe kama kitabu kinavyosema, tena sawa pande zote mbili. Mifuko ya kukusanyia nyasi hubadilisha uzito wa mashine kadiri inavyojaa, kwa hiyo ni bora kuivua.

Kama mashine ina fremu ya kumkinga dereva ikipinduka, isimamishe, uikaze, na ufunge mkanda. Fremu ikiwa imekunjwa ili kupita chini ya matawi, mkanda usifungwe, kwa sababu mashine ikipinduka utakuwa umefungwa chini yake bila kinga. Inyanyue tena mara tu unapotoka kwenye matawi.

Kuhusu kukata kwa kupanda na kushuka au kwa kukatiza, vitabu vya watengenezaji havikubaliani, kwa kuwa mashine zao hazifanani. Fuata cha mashine yako, si mazoea ya mwenzako aliyetoka kwenye mashine nyingine. Yasiyobadilika ni haya: nenda polepole na kwa mwendo mmoja, usisimame wala kuondoka ghafla ukiwa mteremkoni, na geukia kwenye tambarare, ikibidi ugeuke mteremkoni, geuka taratibu. Unapopanda usisukume mikono kwa pupa, kwani uzito mwingi uko nyuma na sehemu ya mbele inaweza kunyanyuka. Usishushe mguu kuizuia mashine inayoinama.

Tairi zikianza kuteleza, zima visu, kisha ielekeze mashine ishuke moja kwa moja, polepole, bila kuvuta mikono nyuma kwa ghafla, kwa kuwa gurudumu lililosimama huteleza kuliko linaloviringika. Lakini angalia vizuri ushauri huo unataka nini: unataka pawe na nafasi tupu huko chini. Palipo na maji au barabara, hakuna pa kushukia, na hilo liamuliwe kabla hujapanda kiti.

Msimamizi akikutuma mahali ambapo ubao umesema hapana, mwonyeshe kipimo, umwambie utakata hapo kwa mashine nyingine. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya usalama kazini ya mwaka 1970 inamkataza mwajiri kumwadhibu mfanyakazi kwa kuripoti hatari, na mafunzo ya usalama yanayotakiwa na kanuni zake yanapaswa kutolewa kwa lugha unayoielewa.

Mteremko wa mwisho wa siku ni mlango wa trela, nao mara nyingi huwa mkali kuliko yote. Trela iwe imefungwa kwenye gari, na gari liwe limewekwa breki ya mkono. Panda kinyumenyume, ushuke kwa mbele, visu vikiwa vimezimwa na pasiwe na mtu nyuma wala pembeni. Ukishafika juu, weka breki ya kuegeshea, zima injini, chomoa ufunguo, ndipo ushuke kufunga minyororo.