Krismasi ya mtaani Mwanza: jinsi ya kuiandaa kwa mikono yenu wenyewe, kuanzia nyota ya matete mpaka sahani ya jirani

Ikifika Desemba maduka ya mjini yanajaa miti ya plastiki na taa za kumetameta, sio vibaya, mwenye hela anunue. Lakini hapa naongea na nyie wa Igogo, Mabatini, Nyakato, Kirumba, Buhongwa, mnaoishi nyumba za kupanga familia sita ua mmoja, na ndugu zangu wa Ukerewe na Sengerema pia. Vitu vya kupendezesha sikukuu vipo hapa hapa ziwani na milimani, kinachotakiwa ni watu wa mtaa kukaa pamoja wiki mbili tatu kabla na kufanya kazi, na niamini mtoto aliyefunga nyota kwa mikono yake ataiongelea mpaka Pasaka.

Anzeni na watu kabla ya mapambo. Wakatoliki tayari mna jumuiya ndogo ndogo zinazokutana kila wiki, watu wa AICT (Africa Inland Church) na Walutheri na walokole mna kwaya na vikundi vya akina mama, sasa tumieni hivyo hivyo ila msiifanye iwe ya dhehebu moja, mtaa ni wa wote. Muda mzuri wa kuanza ni Majilio, zile Jumapili nne kabla ya Noeli. Fungueni grupu la wasap, mchango uwe mdogo mdogo kila wiki ili hata mama anayeuza mboga asione aibu, mtunza hela awe mtu mmoja na msimamizi mwingine, na daftari lipigwe picha liwekwe kwenye grupu kila Jumapili jioni. Hilo la daftari msiliruke, michango mingi inavunjika kwa sababu ya maneno ya pembeni tu. Na mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wapewe taarifa mapema, hasa kama mtafunga spika.

Kama mnataka nyama ya kuchanga, yaani mnanunua ng'ombe au mbuzi pamoja mnagawana mafungu, msisubiri tarehe 23. Bei minadani inapanda kila siku sikukuu ikikaribia, nunueni mapema mumkabidhi mtu mwenye zizi. Achinjwe machinjioni akaguliwe na mkaguzi wa nyama, na mchinjaji awe Muislamu ili majirani zetu Waislamu nao wale bila wasiwasi. Mtaa mwingi wa Mwanza ndo unavyoishi hivyo, wao wakituletea pilau ya Idi na sisi tunawapelekea ya Krismasi.

NYOTA YA MATETE

Hii ndo kazi ninayoipenda kuliko zote na ndo inayokusanya watoto. Mnahitaji matete makavu 10 ya urefu sawa, sentimita 70 yanatosha, vijiti vitano vifupi vya sentimita 10 hivi, kamba ya katani au uzi wa kushonea nyavu ambao kwa wavuvi haukosekani, na karatasi za rangi au zile nailoni laini za kufungia maua.

Chora kwanza nyota ya pembe tano chini kwa mkaa, ile ya kuchora bila kunyanyua mkono. Laza matete matano juu ya mistari, funga kila pembe kwa uzi mara nne tano mpaka isicheze. Tengeneza ya pili hivyo hivyo. Halafu zilaze moja juu ya nyingine pembe kwa pembe, funga pembe zote tano zikamatane, sasa pale katikati matete yanapopishana utakuta sehemu tano, pachika vile vijiti vifupi kati ya nyota ya juu na ya chini, moja kila sehemu, uzifunge. Hapo nyota inatuna katikati inakuwa na tumbo, na watoto wote watashangilia maana mpaka dakika hiyo walikuwa wanaona ni vijiti tu.

Gundi pikeni wenyewe. Unga wa ngano kikombe 1 koroga na maji baridi kikombe 1 mpaka usiwe na madonge, mimina kwenye maji yanayochemka vikombe 3, endelea kukoroga dakika tatu hivi iwe nzito, ongeza kijiko cha chumvi isiote ukungu haraka. Kata karatasi zizidi ukubwa wa pembetatu kwa sentimita mbili ili uzikunje kuzunguka tete. Upande wa nyuma acha pembetatu moja wazi, hapo ndo mtaingiza taa. Taa iwe ya sola au balbu ya LED, mshumaa hapana kabisa, humo ndani ni karatasi na matete makavu. Na kwa kuwa Desemba kwetu ni mvua, ya kutundika nje ivalishwe nailoni badala ya karatasi, la sivyo manyunyu ya usiku mmoja yanaimaliza. Tundikeni juu, kwenye jiwe kubwa la mtaa kama lipo. Huku kwenye vilima vyetu nyota ikiwekwa juu ya jiwe inaonekana mpaka bondeni.

MAGUGUMAJI

Magugumaji yametusumbua ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 80, yanaziba mialo, yananasa injini za mitumbwi, lakini bua lake likikauka linasukika vizuri sana na kuna akina mama wengi wanaoishi kwa kusuka vikapu na mikeka ya magugumaji. Kwa ajili ya taji la mlangoni chagua mabua marefu, nusu mita kwenda juu, yale mafupi yaliyovimba kama puto achana nayo. Usitume watoto kuyatoa majini! Kwenye maji ya kina kifupi kuna konokono wa kichocho, na kwenye magugu nyoka wanajificha. Ongea na wavuvi wakuletee mzigo mmoja, au mtu mzima aingie na gambuti.

Kata majani na mizizi, osha, anika juani siku saba mpaka kumi, mvua ikija ingiza ndani chini ya bati. Yanapungua sana maana ni maji matupu, kwa hiyo ukiona rundo ni kubwa ujue bado halitoshi. Yakishakuwa kahawia nyunyizia maji kidogo yalainike, suka mabua matatu matatu kama unavyosuka nywele, mzungushie kwenye duara la waya wa hanga. Pembeni funga vipande vya kitenge, mafundi cherehani wana viroba vya mabaki wanavyotupa, ukienda kwa heshima wanakupa bure. Mnaotaka taji la Majilio la mezani lilazeni hilo hilo na kuweka mishumaa minne, mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi unaowashwa Jumapili ya tatu, hapo mtu mzima awepo muda wote ukiwaka.

Kuhusu mti, jamani msikate miti. Huu ndo msimu wa mkrismasi, ule unaochanua mwekundu barabarani, uacheni uwe pambo pale pale ulipo maana maua yake ukiyachuma kesho yamesinyaa. Okoteni maganda yake marefu ya mwaka jana, yaliyokauka yana mbegu zinazolia ukiyatikisa, watoto wa kwaya wanayatumia kama manyanga bila gharama yoyote. Ndani ya nyumba tawi la mvinje lililopogolewa linatosha, lisimamishe kwenye ndoo ya mchanga. Au pambeni mwembe wa uani ukiwa na maembe yake, kwa kweli mimi ndo ninaouona mzuri zaidi.

PANGO

Mtakatifu Fransisko wa Asizi alitengeneza pango la Noeli pale Greccio, Italia, mwaka 1223, na sisi huku mawe tumepewa ya kutosha, kwa hiyo hamna sababu ya kutengeneza mapango ya karatasi za kupaka rangi ya kijivu. Tafuteni pembe kati ya mawe mawili mtaani, pasafishwe, juu muezeke nyasi kidogo. Udongo wa mfinyanzi changanya na mchanga laini, sehemu tatu za udongo kwa moja ya mchanga, ukande vizuri, ulale usiku mzima kwenye gunia bichi. Watoto wa huku kufinyanga ng'ombe ni kazi wanayoijua toka wadogo, waacheni wafinyange ng'ombe wa kwetu wenye nundu na pembe, mbuzi, punda, na wachungaji wavae lubega na fimbo mkononi. Sanamu yenye tumbo nene itobolewe chini kwa kijiti ili ikauke mpaka ndani, na ikaukie kivulini siku tano sita, juani itapasuka. Rangi ni chokaa, mkaa uliosagwa na udongo mwekundu. Mtoto Yesu asiwekwe mpaka usiku wa tarehe 24, na mchague mapema mtoto wa kumweka, ikiwezekana yule mdogo kuliko wote anayeweza kutembea.

Mkesha wenyewe kila mtu na kanisa lake, ila kabla ya kwenda kanisani saa kumi na mbili jioni mnaweza kukutana pale pangoni nusu saa, watoto waimbe, waigize safari ya Yosefu na Maria wakibisha hodi kwenye milango ya mtaa wakitafuta pa kulala, mlango wa mwisho ufunguliwe wagawiwe karanga na maandazi. Mwambieni mwenye mlango wa mwisho mapema maana atapokea watu wengi. Wageni kutoka Sengerema na Geita siku hizi wanafika mapema, tangu daraja la Kigongo Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 foleni ya kivuko imekwisha. Ila mnaosafiri kwa maji kwenda visiwani nawasihi, chombo kikijaa shuka usubiri kingine, na kwenye mtumbwi vaa boya. Tumezika watu wa meli ya MV Bukoba iliyozama 1996 na wa kivuko cha MV Nyerere 2018, hakuna sikukuu ya kukimbiliwa kiasi hicho.

Chakula sitakaa sana, kila mama anajua pilau yake. Niseme tu kwamba chapati zipikwe pamoja uani tarehe 24 mchana, kilo moja ya ngano inatoa 10 hadi 12, mmoja anakanda mwingine anasukuma mwingine yuko jikoni, na hapo ndo stori zote za mwaka zinapigwa. Samaki agizeni mwaloni siku mbili kabla, sangara asipungue sentimita 50 maana wadogo ni marufuku na tunajimaliza wenyewe. Dagaa muangalie mwezi, ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti kitu na dagaa wanaadimika, basi nunueni mapema muanike.

Tarehe 25 kabla hamjakaa kula, sahani zitoke kwanza. Andikeni orodha usiku uliopita: wazee wanaoishi peke yao, nyumba iliyofiwa mwaka huu, wanafunzi wa vyuo ambao hawakupata nauli ya kwenda kwao, majirani wa dini nyingine, mlinzi wa duka pale kona. Mtoto apewe sahani iliyofunikwa na sahani nyingine aipeleke kwa mikono miwili, amkie shikamoo, aseme imetoka kwa nani. Mkitaka kwenda kuimbia wagonjwa hospitali omba ruhusa kwa uongozi wa wodi wiki moja kabla, nendeni wachache, na chakula msipeleke bila kuuliza kwa sababu wengine wana masharti ya daktari.

Tarehe 26 ni ya watoto. Wakienda ufukweni wawe na watu wazima wanaojua kuogelea, mmoja kwa watoto watano hivi, na wahesabiwe wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Mapambo yashushwe baada ya Epifania, tarehe 6 Januari. Nyota ivuliwe karatasi, fremu ining'inizwe darini itumike mwakani, sanamu za udongo zifungwe kwenye magazeti kila moja peke yake na ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Halafu mtunza hela asome daftari mbele ya wote, kilichoingia na kilichotoka, na kikibaki chochote nunueni madaftari na kalamu za watoto ambao wazazi wao hali ni ngumu, maana shule zinafunguliwa Januari hiyo hiyo.