Mti wako wa chunguni umelala au unakufa? Somo la kuupima na kuuhuisha

Kila kiangazi kikianza hapa Kampala swali ni lile lile: mkungu wangu umepukutisha majani yote, niutupe? Usiutupe. Upime kwanza.

Mkungu, mjakaranda, mvule na mfrangipani ni miti ya kupukutisha. Kwetu hakuna baridi kali ya kuilaza. Kinachoilaza ni ukame. Kusini mwa Uganda mvua hupungua mara mbili kwa mwaka, katikati ya mwaka na tena Desemba hadi Februari. Mti uliopumzika hunywa maji kidogo mno, na hapo ndipo wengi wanauua. Wanauona uko uchi, wanauonea huruma, wanamwagilia asubuhi na jioni. Udongo wa chunguni unajaa maji, mizizi inakosa hewa, inaoza, na mvua zikirudi hakuna kinachochipua.

Hatua ya 1: Tazama jinsi majani yalivyotoka

Mkungu unaolala hugeuza majani yake kuwa mekundu au rangi ya chungwa, kisha huyaachia. Pale kikonyo kilipokuwa hubaki kovu safi. Kuachia jani ni kazi, na kazi hiyo hufanywa na tawi lililo hai. Majani yaliyokauka kahawia na bado yameng'ang'ania tawini ni dalili mbaya: tawi limekufa kabla ya kuwahi kuyaachia.

Hatua ya 2: Kwangua gome

Anzia ncha ya tawi, kwa ukucha au kisu safi, sehemu ndogo tu. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi li hai. Ukiona kahawia kavu, shuka kidogo ukwangue tena. Kata matawi yaliyokufa hadi ufikie kijani. Hata kijani kikibaki karibu na udongo tu, matumaini yapo. Mfrangipani upapase pia kwa vidole: tawi gumu ni zima, tawi linalobonyea na kutoa majimaji limeoza.

Hatua ya 3: Utoe mti chunguni

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye jibu. Ulaze mti, gonga kingo za chungu, uvute taratibu ukishika shina chini kabisa. Nusa kwanza. Udongo mzima hunuka kama ardhi baada ya mvua. Uliooza hunuka kama mtaro. Kisha shika mizizi. Mizima ni myeupe au ya kahawia hafifu, na haikatiki ovyo. Iliyooza ni myeusi na milegevu. Ukiivuta, ganda lake huvuka na kukuachia uzi mwembamba mkononi. Kata yote iliyooza hadi ufikie sehemu nzima, ukifuta mkasi kwa spiriti kila mara. Ukikuta mizizi imejizungusha ukutani mwa chungu, ifungue kwa vidole na upunguze mirefu.

Kama mizizi ni mizima na udongo ni mkavu hadi katikati, tatizo lilikuwa kiu. Tumbukiza bonge zima kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe.

Hatua ya 4: Chungu na udongo

Usiupe mti mgonjwa chungu kikubwa, maana udongo usio na mizizi hukaa na maji muda mrefu. Mimi huchanganya udongo wa juu sehemu mbili, mboji iliyoiva sehemu moja na mchanga mnene sehemu moja. Udongo mwekundu mtupu, ule wa kuchimba tu nyuma ya nyumba, hushikana kama tofali chunguni. Hakikisha matundu ya chini yako wazi. Usifukie shingo ya mti, pale shina linapopanuka kuwa mizizi.

Hatua ya 5: Uache upone

Kivulini, penye mwanga lakini si jua la mchana. Mwagilia pale tu kidole kikizama hadi kiungo cha pili bila kukuta unyevu. Mbolea bado, hata NPK (ile ya viwandani) kidogo. Mizizi yenye majeraha huungua. Subiri majani mapya yakomae.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, niko Gulu. Mjakaranda wangu haujatoa jani tangu Desemba na sasa ni Machi. Umekufa?*

Ndugu, kaskazini kiangazi chenu ni kimoja na kirefu, kwa hiyo usiupime kwa kalenda ya Kampala. Kwangua gome. Kukiwa na kijani, ngoja mvua zikolee ndipo uuhukumu.

*Shikamoo mwalimu. Hapa Kabale nina mtofaa (mti wa tufaha) kwenye pipa. Majani yamezeeka, hayadondoki, na hauchipui.*

Marahaba mama. Mtofaa umezoea majira ya baridi, na bila baridi ya kutosha hushindwa kujua lini ulale na lini uamke. Wakulima wa huko kwenu huyapukuchua majani kwa mkono baada ya mavuno ili kuulazimisha kuchipua. Fanya hivyo, lakini kama mti una nguvu tu. Ukiwa mgonjwa, utibu mizizi kwanza.

*Mche wangu wa mvule una vivimbe kwenye machipukizi, vinapasuka na kuoza. Ni maji mengi?*

Hapana, huyo ni mdudu anayeitwa Phytolyma. Hutaga mayai kwenye machipukizi, na watoto wake huishi ndani ya kivimbe. Kikipasuka, kuvu huingia na ncha inakufa. Kata chini ya kivimbe kabla hakijapasuka, uchome ulichokata, na uuweke mche chini ya chandarua chenye matundu madogo mpaka ncha mpya ikomae. Ukichelewa, mvule mchanga hutoa vichipukizi vingi vya pembeni. Bakiza kimoja kilichonyooka.